Mtihani wa kufanyia nyumbani: nani hasa ameuandika?

Wako walimu wengi vijijini ambao mchana wanafundisha na usiku wanasoma. Baadhi yao wanachukua shahada ya uzamili ya elimu kwa masafa, kupitia vyuo vya hapa Afrika Mashariki au vya nje, na maktaba yao ni simu kama hiyo unayosomea makala haya. Katika kipindi chetu cha elimu tuligusia mtihani wa jumla, ambao vyuo kadhaa vya Marekani humpa mwanafunzi wa uzamili aende nao nyumbani. Swali lililorudi kutoka kwa wasikilizaji lilikuwa fupi: mtihani wa kwenda nao nyumbani ni mtihani gani huo? Si mtu ataibia tu?

Swali hilo ni la haki. Siku hizi linawakosesha usingizi hata maprofesa wanaoutunga, na katika majibu yake Nairobi inatajwa mara nyingi kuliko mtu angetegemea. Tuanze na mtihani wenyewe.

Maswali yanafika Ijumaa

Kwa kawaida shahada ya uzamili ya elimu nchini Marekani ina masomo 10 hadi 12. Anayesoma muda wote anaweza kuyamaliza kwa miaka miwili au pungufu. Mwalimu anayesoma huku akifanya kazi huchukua muda zaidi. Mwishoni kuna lango la kupita. Kwetu lango lililozoeleka ni tasnifu: unafanya utafiti, unaandika, unautetea mbele ya jopo. Kule vyuo vingi vina milango mitatu, yaani tasnifu, mradi wa kazi, au mtihani wa jumla. Walimu wengi wanaofanya kazi hujikuta kwenye huo wa tatu.

Unaitwa wa jumla kwa sababu hauulizi somo moja. Unamtaka mwanafunzi aunganishe yote aliyosoma: saikolojia ya mtoto, mitaala, upimaji, historia ya elimu, utafiti. Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe. Mtoto wa darasa la nne anasoma maneno kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza amesoma nini, hajui. Kwa kutumia nadharia mbili, eleza kwa nini hali hiyo hutokea. Kisha panga hatua utakazochukua kwa wiki sita, na kwa kila hatua onyesha utafiti unaoiunga mkono. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anamfahamu mtoto huyo. Kazi ni kumweleza kitaalamu, kwa kurasa nane au kumi, bila kubabaisha.

Maswali kama hayo, mawili au matatu, hutumwa kwa barua pepe, tuseme Ijumaa asubuhi, na majibu yanatakiwa Jumatatu. Vyuo vingine hutoa wiki nzima au mbili. Vitabu viko wazi, na kila chanzo lazima kitajwe kwa utaratibu maalumu, mara nyingi ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Wahadhiri wawili husahihisha, mara nyingi bila kuona jina la mwanafunzi, na wakitofautiana anaitwa wa tatu. Anayeshindwa kwa kawaida hupewa nafasi moja ya kurudia.

Wanaodhani mtihani wa namna hii ni mteremko hawajaufanya. Fundi wa pikipiki hapimwi kwa kukaririshwa majina ya vipuri akiwa amefumbwa macho. Unampelekea pikipiki iliyokufa, unamwachia boksi lake la spana, unarudi jioni. Kuwa na spana zote hakumsaidii asiyejua pa kuanzia. Na akishindwa hawezi kusingizia kwamba alisahau, maana kitabu kilikuwa mbele yake.

Fikra ya kupima yote kwa pamoja ina umri wake. Abbott Lawrence Lowell, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1909 hadi 1933, alisukuma mitihani ya jumla kwa sababu aliona wanafunzi wanakusanya masomo kama mtu anayeokota kuni, bila kuona msitu. Kwa upande wa elimu, chuo chenye jina kubwa ni Teachers College cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wazee wetu waliosoma sekondari miaka ya 1960 huenda walifundishwa na watu waliopita mikononi mwake, kwani kuanzia 1961 ndicho kilichosimamia mpango wa kuwaleta mamia ya walimu wa Kimarekani katika shule za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Ruhusa mbili na katazo moja

Mtihani wa kufanyia nyumbani unasimama juu ya kuaminiana. Chuo kinaamini kwamba aliyeandika ni yule aliyesajiliwa. Imani hiyo ilitikiswa hadharani mwaka 2012, na si kwenye chuo cha vichochoroni bali Harvard kwenyewe, katika somo la utangulizi kuhusu Bunge la Marekani lililokuwa na wanafunzi 279 wa shahada ya kwanza. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kwenda nao. Maelekezo yaliruhusu vitabu, madaftari na intaneti, kila kitu wazi, ila yalikataza kujadiliana na mtu mwingine.

Wasahihishaji wakaanza kukuta majibu yanayofanana hadi makosa. Wanafunzi wapatao 125 walichunguzwa. Februari 2013 chuo kilieleza kwamba zaidi kidogo ya nusu ya waliofikishwa kwenye bodi ya nidhamu walitakiwa kuondoka kwa muda. Baadhi ya wanafunzi walijitetea kwamba muhula mzima walizoea kujadiliana na wasaidizi wa mwalimu na kugawana madaftari, sasa mstari unaotenganisha kusaidiana na kuibia ulikuwa wapi?

Utetezi huo haukuwaokoa wengi, lakini tunaona ulikuwa na chembe ya ukweli. Ukimwambia mtu intaneti yote iko wazi kwako isipokuwa binadamu mwenzako, umempa sheria ambayo ni rahisi kuisoma na ngumu kuiishi. Mwalimu anayesomea nyumba moja na mwalimu mwenzake, kozi moja, kibatari kimoja, ataishije na sheria hiyo kwa siku tatu?

Saa 6 usiku, Nairobi

Kuna jambo kubwa zaidi ya majirani kunong'onezana. Wakati wa majira ya joto Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 7. Swali linalotumwa kule saa 11 jioni linaingia kwenye kompyuta Nairobi saa 6 usiku. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya waliomaliza chuo na kukosa ajira wameamka saa hizo kuandika kazi za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia kwa malipo. Gazeti la New York Times liliiandika biashara hiyo kwa kirefu Septemba 2019. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford mzaliwa wa Kenya, Patricia Kingori, akiwatafuta waandishi hao.

Tukisikia habari hii ni rahisi kutikisa kichwa na kuwalaani vijana. Lakini itazame kwa upande wa pili. Kijana wa Kitui au Kakamega ambaye hajawahi kupanda ndege anaandika jibu la uzamili kuhusu ufundishaji wa kusoma, linapata alama ya juu, na mwenye jina juu ya karatasi anapandishwa mshahara katika mji ambao mwandishi ataonyeshwa kwenye picha tu. Maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mlango wa kuyatumia kwa jina lake. Hilo haliifanyi kazi hiyo kuwa halali. Inaonyesha tu kwamba mwizi na aliyeibiwa hawako mahali tunapowatafuta kwa haraka.

Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 dhidi ya wanaotoa huduma hizo, na Uingereza ikafanya kuwa kosa la jinai mwaka 2022 kuzitoa au kuzitangaza England. Lakini sheria ya London haifiki kirahisi kwenye chumba cha kupanga Nairobi. Tusisahau pia kwamba mambo haya yana tawi la nyumbani. Pita kwenye steshenari zilizo karibu na vyuo vyetu, utaona matangazo ya watu wanaojitolea "kusaidia" tasnifu. Kila mtu anajua msaada huo maana yake nini.

Halafu ikaja mashine

Tarehe 30 Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote. Hii ni ile inayoitwa akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyosema Kenya. Unaiandikia swali, inakujibu kwa aya zilizopangika ndani ya sekunde. Kwa mtihani wa kufanyia nyumbani hilo lilikuwa tetemeko. Lile jibu la kurasa nane ambalo kijana wa Nairobi aliliuza kwa usiku mmoja, sasa mwanafunzi analipata bure kabla chai haijapoa.

Pigo la kwanza liliwapata waandishi wenyewe. Tangu 2023 vyombo vya habari vimekuwa vikiripoti kazi zao kupungua. Na ajabu ya mambo, jarida la Time lilifichua Januari mwaka huo kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuichambulia kampuni iliyotengeneza ChatGPT maandishi machafu, ili mashine ijifunze kutoyatoa. Jiji lile lile lililoandika majibu kwa mkono lilisaidia pia kuifunza mashine iliyokuja kulipokonya kazi.

Pigo la pili ndilo linalotugusa zaidi, kwa sababu linampata mtu ambaye hakuibia.

Vyuo viliponusa hatari vilikimbilia programu za kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya Turnitin, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kukagua wizi wa maandishi, ilitoa ya kwake Aprili 2023. Programu hizi hazina ushahidi wa kumwona mtu akiibia. Nyingi zinachofanya ni kukadiria. Zinatazama jinsi neno moja linavyofuatia jingine. Mfuatano ukiwa wa kawaida mno, wa kutabirika, bila misamiati ya ajabu, zinasema hii ni kazi ya mashine.

Sasa jiulize nani huandika Kiingereza cha kawaida, kilichonyooka, chenye maneno yale yale yanayojulikana. Ni mtu aliyekijifunza Kiingereza darasani. Ni mwalimu wa Sumbawanga au Busia ambaye tangu kidato cha kwanza aliambiwa aandike sentensi fupi, asijaribu maneno asiyoyajua, na aanze kila aya na hoja yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Walichukua insha 91 zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, wakazipitisha kwenye programu saba za utambuzi. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo, zote za binadamu, zilitajwa kuwa za mashine. Insha 89 kati ya 91 zilinaswa na angalau programu moja. Insha za watoto wa shule wa Marekani, waliozaliwa na lugha hiyo, zilipita karibu zote bila shida.

Soma tena takwimu hizo ukiwa na mwalimu wa kijijini kwako akilini. Amekopa, ameuza mbuzi, amesoma miaka mitatu kwa mwanga wa sola, na mwisho wa yote kompyuta inasema si yeye aliyeandika, kosa lake likiwa Kiingereza safi cha shule.

Haki lazima itendeke kwa pande zote, kwa hiyo tuseme pia kwamba Turnitin ilidai programu yake hukosea chini ya asilimia 1. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu rahisi. Mwaka 2022 wanafunzi wake waliwasilisha kazi 75,000 kupitia mfumo huo, na asilimia 1 ya hizo ni kazi 750 za watu wasio na hatia. Agosti 2023 kikaizima. Mwezi mmoja kabla, waliotengeneza ChatGPT wenyewe walikuwa wameondoa programu yao ya utambuzi kwa sababu haikuwa na usahihi wa kutosha. Kama aliyeifinyanga sufuria haitambui, jirani ataitambuaje?

Kwa nini watu wanahangaikia karatasi hii

Katika wilaya nyingi za elimu za Marekani, mshahara wa mwalimu hupangwa kwa miaka ya kazi na kiwango cha shahada. Ukipata uzamili unapanda ngazi. Ndiyo maana elimu ni miongoni mwa fani zinazotoa shahada nyingi zaidi za uzamili nchini humo. Lakini tafiti nyingi za huko zilipowalinganisha wanafunzi, hazikuona tofauti kubwa ya ufaulu kati ya wanaofundishwa na mwenye uzamili na wanaofundishwa na asiye nao. Mwaka 2013 jimbo la North Carolina liliamua kuacha kuwapa nyongeza hiyo walimu wapya wanaoipata shahada. Kenya nayo, kupitia Tume ya Huduma za Walimu, ilijitenga na utaratibu wa kumpandisha mwalimu daraja kwa sababu tu ameleta cheti kikubwa zaidi.

Hapa ndipo kwenye mzizi wa udanganyifu wote huu, kwa maoni yetu. Karatasi ikiwa na bei, na ujuzi ulio nyuma yake hauulizwi na mtu, watu watainunua karatasi. Mwalimu anayetaka kweli kumsaidia yule mtoto wa darasa la nne hana sababu ya kumlipa mtu amjibie swali, kwa sababu jibu analihitaji yeye mwenyewe Jumatatu asubuhi.

Kurudi ukumbini, au kuzungumza

Vyuo vimeitika kwa njia mbalimbali. Vingine vimerudi kwenye kalamu na karatasi. Mwaka 2025 magazeti ya Marekani yaliandika kuhusu kuongezeka kwa mauzo ya vile vijitabu vya kujibia mitihani vyenye jalada la buluu, ambavyo wengi walidhani vimeshazikwa. Vingine vimeruhusu akili mnemba kwa masharti: itumie, lakini useme umeitumia wapi. Na vingine vimeongeza mazungumzo. Ukishawasilisha majibu, mhadhiri anakuita na kukuuliza: ukurasa wa tano umesema hivi, kwa nini?

Sisi tunaegemea hiyo ya mwisho. Aliyeandika mwenyewe ataeleza, hata kwa Kiingereza cha kukwama. Aliyenunua ataanza kupapasa. Wala haihitaji video inayomaliza bando. Simu ya kawaida ya sauti inatosha, na hata pale mtandao unapoyumba mtu anaweza kupanda kilimani akapigiwa.

Kwa mwalimu ambaye sasa hivi yuko katikati ya mtihani wa namna hii, au kazi yoyote ya nyumbani ya chuo, kuna kinga anazoweza kujiwekea. Usifute rasimu. Hifadhi kila hatua kwa tarehe, hata kama ni picha ya daftari ulilochorea mpangilio wako. Ukiandikia kwenye programu inayotunza historia ya mabadiliko, iache iwake. Kabla hujaanza, muulize mhadhiri kwa maandishi: naruhusiwa kutumia akili mnemba kusahihisha sarufi? Naruhusiwa kujadiliana na mwenzangu? Hifadhi jibu lake. Na ukishutumiwa kwa sababu ya asilimia iliyotolewa na kompyuta peke yake, usikubali ili yaishe. Omba uitwe uulizwe kwa mdomo juu ya kazi yako, na omba taratibu za rufaa za chuo kwa maandishi.

Wapo watakaosema mahojiano ya mdomo ni mzigo kwa wahadhiri. Ni kweli, lakini mzigo huo unapimika. Wanafunzi 40, kila mmoja dakika 20, ni dakika 800, yaani zaidi kidogo ya saa 13. Mkiwarudisha wote ukumbini badala yake, mwalimu wa kijijini ataomba ruhusa, atasafiri hadi mjini, atalala nyumba ya wageni, ataandika, atarudi: tuseme siku mbili za shule. Mara 40, ni siku 80 za madarasa yaliyokaa bila mwalimu, na nauli na malazi vikitoka kwenye mifuko ya walimu wenyewe.